Nilisema Ndiyo Bila ya Kusoma



Leo sikuja na mitindo ya magauni ya nikaha wala namna ya kufunga mtandio usiteleze. Nimekuja na aibu yangu mwenyewe. Wengi mmekuwa mkiniuliza zile nakshi za mikono ya magauni zinatoka wapi, na mmoja akanambia, "Wewe mwenzetu umepata kompyuta, tabu zimekwisha." Nikacheka peke yangu. Tabu ninazo, tena kubwa kuliko zote niliitafuta kwa kidole changu mwenyewe.

Mie ni fundi wa nguo. Nimesomea ushoni, kompyuta sikuisomea popote. Mashine yangu ya kudarizi ni ndogo ya nyumbani, fremu yake ni sentimita 10 kwa 10. Watu wanadhani mashine hizi zinajua kuchora. Hazijui. Zinasoma faili unalolipeleka kwa fleshi, na faili hilo ndilo linaloiambia sindano ishuke wapi, ihamie wapi, na ibadilishe rangi lini. Kulitengeneza faili kunataka programu, na programu za kununua bei zake zilinizidi kimo.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, alikuja likizo akaniona ninavyohangaika. Akanambia, "Mama mdogo, zipo za bure. Na ni halali, si za kuiba." Hilo neno halali ndilo lililonishika. Laptopu yangu ni ya mtumba, na Windows niliyoikuta ndani yake sijui iliwekwaje. Akaitoa, akaweka Linux Mint, ile aina yake nyepesi ya Xfce, kwa sababu RAM yangu ni GB 4 tu.

Kwa wasioijua, Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Ufini, na mpaka leo watu wa nchi nyingi wanakiendeleza hadharani. Msione kigeni: simu zenu za Android ndani yake mna kiini hichohicho. Juu ya Linux Mint akaniwekea Inkscape ya kuchorea, na ndani ya Inkscape akaweka Ink/Stitch, ambayo hugeuza mchoro ukawa mishono. Akanifundisha siku tatu, akarudi chuoni. Nikabaki mie na Mola wangu na kompyuta.

Foronya ya marehemu

Miezi michache baadaye akaja bi harusi mmoja na shangazi yake. Binti huyu hana mama, ametangulia mbele ya haki. Mkononi kashika foronya nyeupe aliyoikunja ndani ya kanga. Mama yake aliidarizi kwa mkono, maua ya asumini na majani yake, uzi wa kijani umeshaanza kupauka. Binti alitaka maua yaleyale kwenye pindo za mikono ya gauni lake la nikaha.

Foronya hakutaka kuiacha dukani, na sikumlaumu. Nikaipiga picha, nikaiingiza kwenye Inkscape, na kwa siku kadhaa nikawa nachora juu ya picha, petali baada ya petali. Ua moja pembeni marehemu alilipa petali nne, wenzake wote wana tano. Nikaliacha hivyohivyo, maana ule ni mkono wa mama yake.

Zilikuwa zimebaki siku 9 kabla ya nikaha. Mchoro umekamilika, bado kuugeuza kuwa mishono. Nikafungua Ink/Stitch, ikagoma. Kikaja kidirisha kilichojaa maneno, na ndani yake neno moja likijirudia: Python. Mie namjua chatu wa msituni, huyu mwengine sikumjua. Nikaingia mtandaoni, nikamkuta mtu anaeleza kwa kujiamini kabisa: toa Python ya zamani, kisha weka mpya. Sikuuliza ameandika lini, wala kwa kompyuta ya aina gani. Nikafungua terminali, ile dirisha ya kuandikia amri, nikaandika:

sudo apt remove python3

Kompyuta haikukimbilia kufuta. Iliniorodheshea kwanza. Ikasema vitu vifuatavyo vitaondolewa, ikavitaja kimoja kimoja, mistari juu ya mistari. Mwisho ikaniuliza kama nataka kuendelea: Y au n. Mie nilikuwa na haraka. Orodha ile niliiona kama yale masharti tunayoyapita tunapojiunga na kitu kwenye simu. Nikabonyeza Y.

Maneno yakamiminika kama mvua ya masika. Yaliponyamaza nikaenda kwenye menyu kufungua Inkscape. Haipo. Nikatafuta Software Manager, ambako ndiko tunakochukulia programu. Haipo. Update Manager, ile yenye alama ya ngao, haipo. Mpangilio wa printa haupo. Bluetooth haipo. Saa ipo, mandhari ya skrini ipo, kila kitu kwa juu kizuri, lakini ni kama nyumba aliyoingia mwizi mwenye kuchagua, akaacha mapazia akabeba vyombo.

Simu ya Magharibi

Wakati huohuo adhana ya Magharibi inaadhiniwa, simu ikalia. Shangazi wa bi harusi.

"Fundi, maua yetu vipi?"

Nikasema, "Shangazi, yapo kwenye mashine saa hizi, yanadariziwa."

Mashine ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Nyote mnajua sifa yetu mafundi wa nguo. Njoo kesho, njoo Ijumaa, umeme ulikatika, nimebakisha vifungo tu. Nilipofungua duka nilijiwekea ahadi kwamba mie sitakuwa fundi wa namna hiyo. Na sasa uongo umetoka mdomoni mwangu laini kama hariri, bila hata ya kukwama. Nikasali Magharibi, sikumbuki nilisoma sura gani.

Baada ya Isha nikampigia mtoto wa dada. Nikamweleza nilichoandika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Mama mdogo, umeizima kompyuta?"

"Sijaizima. Hata kuigusa naogopa."

"Alhamdulillahi. Usiizime. Huenda na kile kinacholeta skrini ya kuingilia kimetoka pia, ukizima tutaipata tabu kuingia tena. Ikiwa bado imewaka, tunayo njia."

"Na maua ya watu?"

"Fungua folda unayowekea kazi zako."

Nikafungua. Maua yapo. Asumini zote, na lile la petali nne. Machozi yalinitoka. Akanambia, "Amri ile hutoa programu, haigusi kazi zako. Kazi zako zina chumba chao, wewe umeondoa vyombo vya jikoni." Akaniamrisha nizinakili kwenye fleshi kabla ya kufanya jambo jengine lolote, na niichomoe fleshi niiweke mbali.

Kujua kilichopotea

Kisha akanifundisha jambo ambalo ningelijua mapema lisingenifika. Programu ikiwa huioni, kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda ipo ila haionekani kwenye menyu. Huenda ipo ila ni mbovu, haifunguki. Au huenda kweli imeondolewa. Dawa zake si moja, kwa hiyo kwanza ujue unaumwa nini. Akanambia niandike:

dpkg -l mintinstall

Hilo mintinstall ndilo jina la ndani la Software Manager. Jibu lilianza na herufi mbili: rc. Akanieleza kwamba ingekuwa ii, maana yake imo na imekaa sawasawa. Hiyo rc maana yake imeondolewa, yamebaki mafaili yake ya mpangilio tu, kama mpangaji aliyehama akaacha misumari ukutani.

Nikamuuliza kwa nini kutoa kitu kimoja kumetoa vitu vyote vile. Akasema Python ni lugha ya kuandikia programu, na vyombo vingi vya Linux Mint vyenyewe vimeandikwa kwa lugha hiyo. Ukiitoa, vyote vinavyoitegemea vinatoka nayo. Hapo nikaelewa kifundi. Ukitazama nakshi kwa juu huuoni uzi wa bobini. Lakini uuchomoe, uone kama ua litabaki.

Halafu akasema, "Sasa tusome daftari." Nikadhani ananitania. Kumbe Linux Mint huandika programu zinazowekwa na zinazotolewa kwa apt. Daftari lenyewe hulisoma kwa amri hii, na ukimaliza unabonyeza q kutoka:

less /var/log/apt/history.log

Nikateremka mpaka mwisho. Tarehe ipo, saa ipo, dakika ipo. Amri niliyoiandika ipo kama nilivyoiandika. Chini yake orodha nzima ya vilivyotolewa, jina kwa jina. Na kuna mstari unaoanza na Requested-By, yaani aliyeomba jambo hili lifanyike. Mbele yake pameandikwa jina langu.

Wallahi nilikaa nikautazama mstari ule. Kompyuta ilikuwa imeniambia itakachokifanya kabla ya kukifanya, ikaniomba ruhusa, ikafanya nilichoruhusu, kisha ikaandika ukweli. Mie nimekubali bila ya kusoma, nimeharibu, kisha nimeinua simu nikasema uongo. Sote tunaamini kwamba tuna malaika wanaotuandikia. Tumefundishwa chuoni tangu wadogo, tunalijua kwa ulimi. Usiku ule nililiona kwa macho lilivyo: saa, dakika, kauli, na jina la mwenyewe.

Kurudisha

Tukaanza kazi. Nikaunga intaneti ya simu, nikaandika:

sudo apt-get update
sudo apt-get install mint-meta-xfce

Ya kwanza inaleta orodha mpya ya programu zinazopatikana. Ya pili inarudisha kile alichokiita kifurushi mama. Chenyewe si programu. Ni kama karatasi ya begi la bi harusi: kanga kadhaa, khanjari hapana, udi, viatu, mkoba. Ukitaja karatasi tu, vilivyoandikwa ndani yake vinaletwa vyote. Karatasi hiyo ndiyo iliyotaja vile vyombo vya Linux Mint, na kwa kuwa vinaihitaji Python, nayo ikarudi pamoja navyo.

Safari hii kompyuta iliponiorodheshea na kuniuliza Y au n, nilimsomea mtoto wa dada orodha yote kwa sauti. Alichoka yeye kusikiliza. Hapakuwa na kitu cha kutolewa, vyote ni vya kuwekwa. Nikabonyeza Y kwa bismillahi.

Jambo moja dogo, wageni wenzangu msitishike nalo: ukiandika amri inayoanza na sudo, itakuomba nywila, na ukiiandika huenda usione herufi wala nyota. Siku ya mwanzo nilidhani kibodi imekufa. Haijafa. Andika tu, bonyeza Enter.

Inkscape haimo kwenye kifurushi mama, nikaiweka kwa jina lake. Kisha tukalinganisha vilivyorudi na orodha ya kwenye daftari, kama tunavyohesabu nguo za mteja kabla ya kukabidhi. Programu ya printa yangu ilikuwa haijarudi, nayo nikaiita kwa jina. Kuhusu lile kosa la mwanzo, mtanicheka: nilikuwa nimefungua toleo jipya la Ink/Stitch juu ya la zamani, mafaili yakachanganyika. Python haikuwa na hatia yoyote. Tukaifuta ile folda ya Ink/Stitch, tukaweka toleo moja safi, ikafunguka.

Ilipofika saa saba usiku tukathubutu kuizima na kuiwasha. Skrini ya kuingilia ikaja. Nikaona ngao ya Update Manager pembeni ya saa. Nikasujudu sijida ya shukrani palepale juu ya vipande vya kitambaa.

Simu ya asubuhi

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipokuwa na mtihani wenyewe. Kompyuta imepona. Siku 8 bado ninazo, kazi ninaiweza. Hakuna mtu ambaye angejua. Lakini kila nikifumba macho nauona ule mstari wenye jina langu.

Asubuhi nikapiga simu. "Shikamoo shangazi. Jana nilikwambia maua yapo kwenye mashine. Hayakuwepo. Niliharibu kompyuta kwa kutosoma, nikaogopa kukwambia. Usiku imetengenezeka, naanza leo. Naomba radhi, nisamehe."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Na kama isingetengenezeka, ungetwambia lini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia anataka kuliona gauni siku 3 kabla ya nikaha, limalizike lisimalizike. Nikakubali.

Sitawadanganya tena kwa kusema mambo yakawa mazuri yote. Sare za wanawake 12 wa upande wa bi harusi, ambazo alikuwa ameshaniahidi, akampa fundi mwengine. Haki yake. Ile ni pesa niliyokuwa nimeshaipangia kodi ya duka. Iliniuma, na mwezi ule niliukamilisha kwa kushona madera usiku.

Lakini gauni lilikuwa tayari siku ile ya tatu, kama nilivyoahidi. Bi harusi alilishika mkono mmoja, akawa anapapasa maua kwa kidole, moja moja, mpaka akalifikia lile la pembeni. Akahesabu. Akamgeukia shangazi yake, akashindwa kusema. Shangazi ndiye aliyesema, "Ndilo hilohilo." Basi.

Kwa mwenzangu anayeanza

Ikiwa na wewe unatumia Linux kwa biashara yako, au unafikiria, haya ndiyo ninayokuusia kutokana na yaliyonifika:

1. Python ya mfumo usiitoe, hata akikwambia nani. Na kwa jumla, ukiona amri unayotaka kuiandika ina neno remove, simama kwanza.

2. Orodha inayokuja kabla ya Y au n isome. Ukikuta inataka kuondoa vitu usivyoviomba, bonyeza n. Hakuna kitakachoharibika kwa kusema hapana.

3. Kitu kikipotea, usizime na usiendelee kujaribu amri za kubahatisha. Nakili kazi zako kwenye fleshi kwanza.

4. Angalia kwa dpkg -l kama programu ipo au imeondolewa. Kisha soma daftari la apt ujue nini kilitoka na siku gani.

5. Kama toleo lako si Xfce, kifurushi mama chako kina jina jengine. Wenye Cinnamon ni mint-meta-cinnamon, wenye MATE ni mint-meta-mate.

6. Linux Mint inakuja na Timeshift. Iwashe leo. Inapiga picha ya mfumo mzima, ukiharibu unarudi ulikokuwa jana. Lakini kwa kawaida haihifadhi kazi zako binafsi, hizo zipe fleshi yake au diski yake.

7. Uwe na mtu wa kumpigia simu, na ukimpigia mwambie ulichokifanya kweli, usimpunguzie. Daftari litakuumbua.

Na mabi harusi wangu, nanyi lenu lipo. Mtaletewa karatasi nyingi siku hizi: za ukumbi, za mpambaji, za mpiga picha, na ile iliyo kubwa kuliko zote yenye mahari na masharti yenu. Watu wamekaa, udi unafuka, kila mtu anakutazama wewe useme ndiyo. Isome kwanza, au msomewe. Mwenye haki ya kusema ndiyo ndiye mwenye haki ya kuuliza, "Hapa pameandikwa nini?"

Mie yangu ndiyo hayo. Palipo na kosa ni langu, palipo na kheri ni kwa taufiki yake Allah. Mniombee dua duka langu, na mimi nawaombea ndoa zenu.

Wabillahi taufiq.